Kuizunguka Taa

Walituvua nguo, wakatuachia chupi
na miwani nyeusi yenye ukanda wa mpira
uliong'ang'ania nywele.
Kisha duara: watoto ishirini na wawili,
matumbo wazi mbele ya taa iliyovuma
kama nyuki aliyenaswa chupani.
"Dakika moja kifuani! Sasa geukeni. Dakika moja mgongoni!"
Huyo ni Kapitolina Yegorovna, muuguzi,
na saa yake ya mchanga.
Chumba kilinuka kama baada ya radi.

Murmansk, Desemba. Saa sita ya mchana
ni usiku wenye haya kidogo, basi.
Jua lilishatuaga; watu wazima walisema
litarudi baada ya siku arobaini,
nami nikadhani ni marehemu, tunamhesabia arobaini yake.

Baada ya taa, kijiko.
Mafuta ya ini la chewa, na kipande cha mkate mweusi wa chumvi
kwa atakayemeza bila kukunja uso.
Lyonka Sabitov hakumeza hata siku moja.
Alitema kwenye chungu cha ua la darasani,
na ua, naapa, lilinenepa.

Mimi nilimeza. Halafu nikakua,
nikaajiriwa palepale yanapotoka:
miaka thelathini na mmoja, zamu ya usiku,
nikifunga vifuniko vya chupa za mafuta yaleyale.
Nikilala mchana, pazia zito, hata Julai.
Sikulamba tone.
Mganga hajigangi.

Mwaka huu, barafu ya mlangoni. Hatua moja.
"Umeanguka kutoka wapi?" daktari akauliza,
kana kwamba nilikuwa juu ya paa.
Kutoka miguuni pangu, Daktari Nyurgun.
Mita moja na nusu, na inazidi kupungua.

Akanionyesha picha ya nyonga yangu:
mkate ulioumuka kupita kiasi,
matundu, na kuta nyembamba kati ya matundu.
Akachora nyuma ya bahasha.
Shingoni, akasema, kuna tezi nne,
kila moja kama punje ya mchele.
Kazi yao ni kuilinda damu isikaukiwe kalsiamu,
maana moyo haukopeshi,
unataka chake pigo kwa pigo.
Ikipungua, punje hizo hutuma ujumbe.
Kwa figo: usimwage; na ile vitamini ya jua
iliyokwishapita ini, ivalishe koti lake la mwisho.
Vitamini ikivaa, hushuka utumboni, hufungua mlango,
maziwa yakaacha chokaa yake ndani.

"Na kama vitamini hakuna?"

Mlango hauna mpini.
Maziwa hupita kama mgeni aliyepotezewa nyumba.
Ujumbe huenda kwa mifupa,
na mfupa, mama, haujui kusema sina.

Nikanyamaza.
Nilikuwa nakumbuka: mimba mbili,
usiku wote ule chini ya balbu za kiwanda,
na ndani yangu mtu anabomoa ukuta kimya kimya
ili moyo usikose kitu.
Dawa ya deni kulipa. Lakini nani aliniuliza?

Amenipa matone, na vidonge vya kila Jumapili
ambavyo lazima nivimeze nimesimama wima kama askari.
Kuhusu jua la Januari alikuwa mkweli:
"Liko chini mno. Haliipi ngozi kitu."

Leo limerudi. Tumepanda kilimani,
mjukuu wangu Vesta amenishika kwapa.
Wenzetu wana chai kwenye chupa, mbwa, simu juu juu.
Likachungulia: kijipande chekundu, kama ukucha.
Plasta mkono huu, glavu mkono ule.
Nikaivua glavu kwa meno.
Nikafungua vifungo vitatu vya koti
huku Vesta akifoka, "Bibi, baridi!"

Dakika moja kifuani.
Kisha, bila kuamriwa na mtu,
nikageuka.